Familia ya Thelathini na Tano

Shuleni kwetu kila mwalimu alikuwa na majina mawili: lile la kwenye barua ya ajira, na lile alilopewa na wanafunzi bila kuliomba. Mimi nafundisha jiografia na tumbo langu hunitangulia mlangoni, kwa hiyo niliitwa Ikweta. Mwenzangu wa hisabati, tuliyekaa naye meza moja miaka kumi na mitatu, walimwita Daima. Neno hilo halikubanduka kinywani mwake. Jumla ya pembe za pembetatu daima ni ile ile, kugawanya kwa sifuri daima ni mwiko, na mwanafunzi anayechelewa daima ana shangazi mgonjwa. Alikuwa mrefu, mkavu, shati limechomekwa vizuri, na ulimi wake ulikata kama wembe uliotolewa kwenye karatasi sasa hivi. Wanafunzi walimpenda kwa ulimi huo. Kama hukukatwa wewe, unamcheka aliyekatwa.

Nasimulia aibu iliyompata kwa sababu kipande chake kimoja ni changu.

Kila Jumamosi asubuhi Daima alifundisha darasa la watu wazima: mafundi, makarani, wauza maduka, watu waliotaka kurudia mtihani wa kidato cha sita. Walikuwa kama thelathini, wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja wa miaka arobaini hivi, aliyefanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji na sabuni kama vya mtu aliyetoka kuoga muda huo huo. Alikaa karibu na dirisha. Haulizi swali mpaka awe amelikosa jibu nyumbani mwenyewe.

Siku moja wakafika kwenye matriksi. Daima alijua kuyaanza mambo magumu kwa wepesi. "Msiogope," aliwaambia. "Ni namba zilizopangwa kwa mistari na nguzo, kama mayai kwenye trei." Yeye alizipenda hasa zile ndogo ambazo ndani yake hamna ila sifuri na moja: kitu kipo au hakipo, ndiyo au hapana. Kila trei ya mraba ina namba yake moja, ambayo kwa zile ndogo unaipata kwa kuzidisha kimshazari, ukajumlisha mishazari ya upande huu na kutoa ya upande ule. Namba hiyo huitwa kibainishi. Kikiwa sifuri, ujue kuna mstari ambao haukuleta lolote jipya. Ama umejirudia, ama umeungwaungwa kutokana na wenzake.

Zile za mbili kwa mbili zipo kumi na sita tu. Ukizipitia zote unapata sifuri mara kumi, moja mara tatu, na moja hasi mara tatu, basi. Daima alizipitia akiwa chuoni. Kuanzia hapo akaruka mtaro bila kuutazama: akaandika kwenye notisi zake kwamba hata zile za tatu kwa tatu, kibainishi daima ni sifuri, moja, au moja hasi. Hakuzipitia. Zipo mia tano na kumi na mbili, nani ana muda? Notisi hizo alizifundisha miaka kumi na mmoja, na walimu wa shule nyingine wakaja kuzinakili.

Kazi aliyowapa Jumamosi ile ilikuwa nzuri, sina budi kusema. Kila mtu atengeneze trei ya tatu kwa tatu kutokana na kazi yake mwenyewe, kisha atafute kibainishi chake. Fundi bomba akaleta mabomba matatu na nyumba tatu. Yule mama akaleta wodi. Asubuhi moja wodi ya wazazi ilichukua mablanketi na foronya, haikuchukua mashuka. Wodi ya watoto ilichukua mashuka na foronya, haikuchukua mablanketi. Wodi ya upasuaji ikachukua mashuka na mablanketi, foronya ikaacha. Pale palipochukuliwa akaandika moja, pasipochukuliwa akaandika sifuri. Chini, kwa mwandiko wa duara, akaandika jibu: mbili.

Wiki iliyofuata Daima aliiinua karatasi ile juu darasani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikisubiri funguo za ofisi, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu.

"Jamani, kuna mtu hapa amefua namba mpaka ikazaa," alisema. "Mama, hebu nifundishe. Hospitalini kwenu mkitia shuka moja kwenye mashine, yanatoka mawili?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Fundi bomba alipiga dawati kwa kiganja.

Mama akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. "Lakini Mwalimu, nimerudia mara nne."

"Kosa likirudiwa mara nne, mama yangu, linakuwa makosa manne."

Na mimi pale mlangoni nilicheka. Nilicheka mpaka tumbo langu hili likatikisika.

Kabla ya saa sita alikuwa ameshapewa jina: Mama Mbili. Alikuja Jumamosi mbili tena, akakaa pale pale dirishani, asiulize kitu. Ya tatu hakuonekana. Daima hakumuulizia. Darasa la watu wazima ni ndoo iliyotoboka, wiki haipiti bila mtu kuvuja. Kicheko tu ndicho kilichobaki. Kila mwaka akifika kwenye matriksi alikuwa akiwasimulia wanafunzi wapya habari ya mama aliyefua namba ikazaa, nao wakacheka, wakaandika kwenye madaftari yao: daima haizidi moja.

Basi ikapita miaka miwili. Mkuu wa shule akatutangazia kwamba mkaguzi anakuja, na kila mwalimu atundike ukutani kitu cha kuonekana. Mimi nilitundika ramani ya mvua. Daima akaamua kufanya makubwa: ataziainisha matriksi zote za tatu kwa tatu za sifuri na moja, azipange kwenye karatasi moja ya manila, kila moja na kibainishi chake. Jumapili mchana akatandaza manila juu ya meza ya chakula. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa upande wa pili wa chumba akipindua kola za sare.

Kumbe haikuwa kazi ya mwezi kama alivyodhani. Yenye mstari wa sifuri tupu, itupe kando, kibainishi chake ni sifuri. Yenye mistari miwili inayofanana, vivyo hivyo. Ukishaondoa hizo, mistari inayobaki ni ya aina saba tu, na kwenye saba unachagua mitatu. Kuibadilisha mistari nafasi kunageuza alama tu, kutoka chanya kwenda hasi, namba yenyewe haibadiliki. Kwa hiyo kila mistari mitatu akaihesabu kuwa familia moja. Familia zikawa thelathini na tano. Alikuwa akipiga mluzi. Zenye sifuri alizipaka rangi ya samawati, zenye moja akazipaka kijani.

Alipofika kwenye familia ya sifuri-moja-moja, moja-sifuri-moja, moja-moja-sifuri, mluzi ukakatika. Mshazari wa kwanza, sifuri. Wa pili, moja. Wa tatu, moja. Hiyo ni mbili. Mishazari ya kutoa, yote sifuri.

Akadhani amekosea alama. Akarudia. Akabadilisha kalamu, akarudia kwa njia nyingine. Mwisho akainua kichwa.

"Mama watoto, mbili toa sifuri ni ngapi?"

Mkewe akaondoa pini mdomoni. "Umeanza kuumwa?"

Aliniambia baadaye kwamba wakati ule ndipo alipoikumbuka ile karatasi, wodi kwa wodi, na mwandiko wa duara. Ilikuwa ni siku ya baridi na makwapa yake yalitota. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mchana mmoja ulitosha. Miaka kumi na mitatu sasa alikuwa akiiapia kauli ambayo ingechukua mchana mmoja kuihakiki, na katika familia thelathini na tano moja tu ndiyo inayoivunja, na moja hiyo ndiyo aliyoletewa mkononi na yule mama.

Sasa hapo mtu angefanya nini? Angesema. Daima hakusema. Alichukua manila nyingine, akanakili familia thelathini na nne: sita za samawati, ishirini na nane za kijani, zimejipanga kama askari. Ile moja akaiacha nje.

Mkaguzi akaja, mzee mpole mwenye miwani ya kamba. Alisimama mbele ya manila ile muda mrefu kuliko alivyosimama kwenye ramani yangu ya mvua.

"Umeziainisha zote, Mwalimu?"

"Zote, mzee."

"Hakuna iliyobaki?"

"Hakuna."

Mkaguzi akaipiga picha, akasema ataionyesha kwenye shule nyingine, na mbele ya mkuu wa shule akampa Daima mkono. Sote tukapiga makofi. Nilimwona mwenzangu akiutazama mkono wake baada ya kuachiwa, kama mtu aliyekabidhiwa kitu kilichooza.

Kuanzia siku ile akawa hali chakula cha mchana. Siku ya nne nilimuuliza kama ana vidonda vya tumbo. Akatazama mlango, akaufunga, akanieleza yote. Sauti yake ilikuwa chini sana, na mara mbili alikohoa pasipo na kikohozi.

"Sasa utafanya nini?" nikamuuliza.

"Mama watoto kanipa mithali. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Ananiambia mimi nimevuliwa nguo, na badala ya kuchutama nimetoka mbio barabarani." Akajaribu kucheka, akashindwa. "Kesho nakwenda hospitali. Nisindikize, ndugu yangu."

Nikamwambia kesho nina madaftari ya kusahihisha. Yalikuwapo kweli, lakini siyo yaliyonizuia.

Alikwenda peke yake, Jumatano saa tisa mchana. Langoni hakujua amuulizie vipi. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio la zamani na hakuwa amelitafuta, jambo ambalo nalo lilimwaibisha. Akaanza kumweleza mlinzi: mama wa makamo, anafanya kazi kwenye kufulia, si mrefu, mkimya.

"Aaa! Mama Mbili!" mlinzi akasema. "Si ungesema tu. Pita kulia, fuata mvuke."

Jina lilikuwa limefika kabla yake. Wauguzi walimwita hivyo, na madereva wa gari la wagonjwa, hata daktari akiagiza mashuka. Daima alidhani kuna mwanafunzi wake mmoja aliyelipeleka pale. Aliponisimulia hivyo nilinyamaza, kwa kuwa niliyelipeleka ni mimi. Mwaka ule ule wa kicheko nilimlaza mama yangu hospitalini pale. Siku moja mama wa kufulia akapita ukumbini akisukuma toroli la mashuka, nami, kwa kutaka kuwachangamsha wauguzi, nikaita kwa sauti: "Mama Mbili! Leo yamezaa mangapi?" Wakauliza maana yake. Nikawaeleza, na nikaeleza vizuri, kama mwalimu.

Ndani ya chumba cha kufulia, mashine tatu zilikuwa zinanguruma, na sakafu ilikuwa na maji. Yule mama alikuwa mezani, ameshika pembe mbili za shuka. Mwenzake wa kukunja naye alikuwa ametoka. Alimtazama Daima, akamtambua, uso wake haukubadilika.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu, ingawa kiumri walikuwa karibu sawa.

"Marahaba... hapana, usiniamkie, mama. Nimekuja..."

"Shika huko," alimkatiza, akamnyooshea kwa kidevu upande wa pili wa shuka. "Yakipoa hayakunjiki vizuri."

Daima akazishika pembe. Hakuwa amekunja shuka na mtu tangu utoto wake. Wakarudi nyuma hatua mbili, wakavuta.

"Vuta. Usilegeze. Sasa njoo kwangu."

Ndivyo ilivyombidi aombe radhi, akienda mbele na kurudi nyuma, akikutana naye uso kwa uso kila shuka linapokunjwa, kisha wakiachana tena. Alimwambia kwamba jibu lilikuwa mbili. Alimwambia habari ya familia thelathini na tano. Akamwambia na habari ya mkaguzi, ingawa hakuwa amekusudia kuisema.

"Nilijua ni mbili," mama alisema. "Nilikwenda nyumbani nikarudia mara ya tano. Binti yangu naye akarudia. Tukapata mbili."

"Basi kwa nini hukurudi ukaniambia?"

Mama akaliweka shuka juu ya rundo, akalilainisha kwa kiganja. "Mwalimu, nikuulize. Siku ile, kabla hujaniwekea kosa, uliipitia hesabu yangu?"

Mashine moja ikasimama. Daima alisema alitamani isingesimama.

"Sikuipitia. Niliona jibu tu."

"Ee," mama akasema. "Hilo ndilo nililokuwa nataka kulijua." Akachukua shuka jingine. "Nilijiuliza siku nyingi kama kuna hatua niliyokosea, wewe ukaiona mimi nisiione. Kumbe hukutazama."

Hakusema amesamehe, wala hakusema hakusamehe. Walikunja mashuka kama ishirini. Mama alipoona Daima ameaga na bado hajaondoka, alimwambia: "Ulisema mbele za watu. Kanusha mbele za watu. Mimi sitakuja kusikiliza, nina zamu."

Jumamosi ile nilikwenda kukaa nyuma ya darasa. Daima aliichora trei ya wodi ubaoni, mshazari kwa mshazari, akaandika mbili. Kisha akageuka, mikono haijui pa kukaa, akasema kwamba kuna mama aliyelileta jibu hili miaka miwili iliyopita, kwamba yeye alimcheka bila kuisoma kazi yake, na kwamba hadithi aliyokuwa akiwasimulia ilikuwa ya ujinga wake yeye, siyo wa mama. Wanafunzi karibu wote walikuwa wapya. Wengine waliendelea kunakili. Mmoja aliuliza kama hiyo itatoka kwenye mtihani.

Fundi bomba alikuwa bado yupo, alishafeli mara moja na sasa alikuwa anarudia. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mwaka jana lilikuja swali. Taja vibainishi vyote vinavyowezekana vya trei kama hizi. Nikaandika vitatu, kama ulivyotufundisha. Kumbe ni vitano?"

Daima akahesabu kwa midomo: mbili hasi, moja hasi, sifuri, moja, mbili.

"Ni vitano. Ulikosa kwa sababu yangu."

"Nilikosa kufaulu kwa alama mbili," fundi bomba akasema, akakaa. Hakupiga dawati safari hii. Daima akageukia ubao. Nyuma ya shingo yake kola ilikuwa imelowa.

Aliibandua manila, akachora nyingine, na ile familia ya thelathini na tano akaipaka nyekundu. Chini akaandika hesabu kamili: mia tatu thelathini na nane zina sifuri, themanini na nne zina moja, themanini na nne moja hasi, tatu zina mbili, na tatu mbili hasi. Alimwandikia mkaguzi barua ya kurasa mbili, akakiri kwamba alimdanganya na kumwomba aifute ile picha. Mkaguzi hakujibu. Mpaka leo hatujui kama picha ile bado inazunguka. Mara nyingine Daima huambiwa na mwalimu wa shule ya mbali, kwa kumsifu, kwamba wana chati yake ya familia thelathini na nne, na hapo inambidi aanze upya kueleza.

Mama wa kufulia alirudi muhula uliofuata. Sikutarajia. Nadhani hakurudi kwa ajili ya Daima. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja binti yake amalize shule, na walikuwa wamepatana wafanye mtihani pamoja. Alikaa dawati la mbele. Daima akitania, wenzake wakicheka, yeye alisubiri wamalize. Siku moja alimletea trei ya nne kwa nne yenye kibainishi tatu, akamuuliza kama nne inawezekana. Daima akasema hajui. Zipo elfu sitini na tano na zaidi, hajazipitia. Mama akaitikia kwa kichwa, akarudi kuketi.

Mimi nilimkwepa wiki nyingi. Nikimwona ukumbini naingia maabara, ambako sina shughuli yoyote. Mwishowe tukakutana kwenye ngazi, yeye anapanda, mimi nashuka na tumbo langu, na hapana pa kupitia.

"Mama," nikamwambia, "lile jina kule hospitalini... ni mimi niliyelipeleka. Si Daima."

"Najua," alisema. "Nilikuwa nasukuma toroli, sikuwa kiziwi." Akasogea ukutani ili nipite. "Ulikuwa unamuuguza mama yako. Kitanda cha saba. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbadilishia mashuka. Anaendeleaje?"

Nikamwambia hajambo, anatembea sasa.

"Msalimie," akasema, akaendelea kupanda kwenda darasani.